Neno Moja Kutoka Kigoma

Kitabu kile kilihitaji watu watatu ndipo kisomeke. Kilikuwa cha Kiingereza, na mimi nilijua Kifaransa cha shule na Kiswahili cha nyumbani. Kiingereza alikuwa nacho Mzee Feruzi, aliyenifundisha kazi, mtu wa Ujiji aliyeanza kugonga telegramu chini ya Waingereza kabla hajahamia huku kwetu Rumonge, pwani ya ziwa. Lakini kitabu kilijaa hesabu, na Mzee Feruzi akiona hesabu yenye herufi za Kigiriki alivua miwani akaifuta mpaka mtu mwingine aseme neno. Hesabu zilikuwa za Anselme, mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nilileta kazi yenyewe: nukta na mistari, mvua na radi, na watu wanaokuja dirishani. Basi tulikaa watatu kila Jumapili mchana kwenye chumba cha mashine, posta ikiwa imefungwa, tukasoma kitabu kimoja kwa karibu miaka mitano.

Ninyi vijana mnaotengeneza simu pale sokoni, na ninyi mliosomea kompyuta Bujumbura mkarudi na vyeti, huwa mnaniuliza, kwa adabu lakini huku mnabana kicheko, kama sisi wa zamani tulijua tulichokuwa tunakifanya. Nitawajibu leo, na nitajibu kwa urefu, maana kufupisha ndiko kulikoniponza. Mwenye haraka aende zake, nitazungumza na watakaobaki.

Kitabu kilitufikia kwa sababu ya Uhuru. Mbelgiji aliyekuwa akitunza mitambo alifungasha wiki chache baada ya bendera kubadilishwa, Usumbura ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuitwa Bujumbura, na vitu alivyoshindwa kubeba akatuachia: betri mbili zilizokufa, waya mwingi, na sanduku la makaratasi. Chini kabisa mwa sanduku kulikuwa na kitabu chembamba chenye doa la kahawa kwenye jalada. Mimi nilitaka kukiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Mzee Feruzi akaninyang'anya, akasoma mistari michache akiwa amesimama, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mtu huyu anaandika juu ya kazi yetu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwandishi aliuliza swali ambalo mimi, mgonga telegramu, sikuwahi kuliuliza. Unga hupimwa kwa kilo na kitambaa kwa mita, je, habari hupimwa kwa nini? Akajibu kwamba habari hupimwa kwa kutojua. Kabla ujumbe haujafika, yako mambo mengi yanayoweza kuwa yamesemwa. Ukishafika, limebaki moja. Kadiri yalivyokuwa mengi, ndivyo habari ilivyo kubwa. Ukiniambia kitu nilichokuwa nakijua tayari, hujaniambia kitu. Na kipimo kidogo kuliko vyote ni jibu la swali lenye majibu mawili yenye uwezekano sawa: ndiyo au hapana, yupo au hayupo. Kutojua huko kulipewa jina, entropi, neno ambalo Mzee Feruzi alilitafuta Jumapili nzima katika kamusi yake ndogo asilione. Anselme akasema tuseme kutojua tu, tusijisumbue.

Tulikuwa na mchezo tulioutoa humo humo. Mmoja anachukua telegramu ya zamani, anaifunika kwa kadi, anafunua herufi moja moja, na wenzake wanabashiri herufi inayofuata. Ukiona SALA, unajua inakuja M na U, hakuna wa kukosa. Maneno ya salamu tulikuwa tunayapitia mbio. Tukifika kwenye jina la mtu au bei ya mawese, tunakwama kila herufi. Anselme alihesabu makosa yetu kwa chaki kwenye sakafu, na ndivyo tulivyoona kwa macho yetu wenyewe mahali habari inapokaa ndani ya ujumbe na mahali isipokaa. Alikuwa mwembamba, mbishi, suruali yake nyeupe kwa chaki hata siku za mapumziko, na alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Kitu kimoja kilimkera tangu ukurasa wa kwanza. Mwandishi alisema wazi kwamba maana ya ujumbe haimhusu. Yeye anapima tu. Anselme hakulimeza hilo.

"Huyu mutu anapima gunia bila kufungua," akasema. "Iko unga ndani ao iko muchanga, kwake ni sawa tu."

Mzee Feruzi akamjibu kwamba hata sisi kazi yetu ndiyo hiyo hiyo, kubeba gunia la mtu bila kulifungua. Walibishana mpaka jua likashuka, na Jumapili iliyofuata wakaanza tena pale pale.

Sasa niwasimulie aibu yangu ya kwanza. Tulikuwa tumefika robo ya kitabu, kule kunakosemwa kwamba kinachojulikana hakina habari, na kichwa changu kikavimba. Telegramu inalipiwa kwa neno. Waswahili wetu wa Rumonge hawakulijali hilo: mtu anakuja kutuma ujumbe wa mizigo ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, anaanza na salamu nyingi sana, sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu ninyi, bibi anakusalimu, shangazi anakusalimu, watoto wote wanakusalimu, na baada ya salamu. Nikaona wanapoteza. Nikaanza kuwasaidia. Nilichukua kalamu nikakata kila kilichoweza kubashiriwa, na wateja wakasema murakoze, ahsante, kijana huyu ana huruma.

Ndipo akaja Mama Shabani, muuza mawese. Binti yake alikuwa anaolewa, siku ya harusi inajulikana na ukoo mzima, naye alitaka mwanawe Shabani, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo ya ziwa huko Kongo, asichelewe. Alinisomea ujumbe uliojaza karatasi mbili. Nikakata salamu, kwa kuwa salamu zinajulikana. Nikakata harusi, kwa kuwa Shabani anajua kuna harusi. Nikakata jina la mama, nani mwingine angemwita? Yakabaki maneno mawili: SHABANI NJOO. Nikajiona mtaalamu.

Mtu wa huku ameshajishika kichwa. Kwa mgeni nitaeleza. Pwani hii hatutangazi kifo kwa telegramu. Si vizuri mtu aliye peke yake ugenini asome kwenye karatasi kwamba mzazi wake amekufa, na hana wa kumshika mkono. Kwa hiyo huandikiwa aje, bila salamu, basi. Salamu zisipokuwepo, msiba upo. Kila mtu analijua hilo, nami nilikuwa nalijua tangu utoto, lakini siku hiyo nilikuwa msomi.

Siku ya nne mashua ikatia nanga kutoka Kongo. Ndani yake alikuwemo Shabani, wajomba zake wawili, na wanawake watano walioanza kulia tangu katikati ya ziwa. Walipopanda kutoka ufukweni walimkuta marehemu uani anakoroga mawese. Mama Shabani hakugombana na mtu. Aliichukua sanda mpya aliyonunua mwanawe, akaja nayo posta, akaikunjua juu ya meza yangu mbele ya wateja.

"Ramazani," akasema, "mutoto wangu ameniletea hii. Pima basi, uone kama iko inanitosha."

Mzee Feruzi alimwomba radhi kwa niaba yangu, akanipeleka mwenyewe harusini nikateke maji siku tatu. Jumapili iliyofuata hakunikaripia. Alifungua sura ambayo sikuwa nimeifikia, akanitafsiria polepole. Humo mwandishi anasema kila lugha ina ziada, herufi na maneno ambayo msomaji angeweza kuyajaza mwenyewe, na kwamba ziada hiyo ina kazi yake. Hakuna njia ya kupitishia habari isiyo na kelele. Kelele ikimeza herufi mbili, ziada ndiyo inayokuwezesha kuzirudisha. Ukiiondoa ziada yote, herufi moja ikipotea hakuna wa kujua ilikuwa nini. Mzee Feruzi akafunga kitabu akaniambia kwamba nimesoma nusu, na kwa nusu niliyosoma heri ningekuwa sijasoma kabisa.

Kelele tuliijua vizuri sisi. Msimu wa mvua radi hupiga upande wa milima ya Kongo, na masikioni unasikia kama mtu anakaanga samaki. Sikilizeni tulivyofanya, hata ninyi itawafaa. Namba tuliandika kwa maneno, hatukuziamini tarakimu. Jina la mtu tuligonga mara mbili. Mwishoni tulitaja idadi ya maneno ili mwenzako ahesabu kama yametimia. Na tuliisubiri radi: ikipiga unanyamaza, ikipita unagonga haraka maneno mawili, unanyamaza tena. Mzee Feruzi alikuwa anagonga mpaka katikati ya mvua ya mawe, na ujumbe unafika. Mimi ilinichukua miaka, lakini nilikuwa nimeapa kwamba hakuna tena atakayeniletea sanda, na nikajifunza. Kuna msimu mzima wa mvua nilioupita bila neno langu hata moja kurudishwa, na Mzee Feruzi, ambaye kusifu kwake kulikuwa kwa taabu, alininunulia kofia.

Mzee alirudi kwao Ujiji na kufia huko kwa uzee kabla ya mwaka wa 1972. Baadaye nilimshukuru Mungu kwamba hakuuona mwaka ule.

Mwaka ule mapigano yalizuka huku kwetu, pwani ya ziwa, na watu wakauawa. Baada yake ikaja ile ambayo Warundi wanaiita ikiza, balaa. Watu walichukuliwa majumbani na makazini, wakaitwa kwa majina, hawakurudi. Anselme alikuwa Muhutu na alikuwa mwalimu. Mwaka ule hayo mawili yalitosha. Niliyoyaona barabarani sitayaeleza. Wapo waliokwisha kuyaeleza, na wapo ambao mpaka leo hawawezi, nami ni mmoja wao. Nitaeleza lile lililopita mikononi mwangu.

Asubuhi moja Anselme hakufika shuleni. Mkewe, tuliyemwita Mama Firmini kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alisema mumewe alitoka mapema akaelekea ziwani na nguo alizovaa tu. Hakujua kama alipata mtumbwi. Wiki zikapita. Mchuuzi mmoja wa ndagala akasema kwamba Kigoma, katikati ya wakimbizi, alimwona mtu mwembamba mbishi aliyefanana na mwalimu. Mwingine akasema maiti ya mwalimu ilionekana kwenye matete karibu na Magara, kijiji cha ufukweni kaskazini mwetu. Mmoja anasema yupo, mwingine anasema hayupo, na sikuwa na sababu ya kumwamini huyu kuliko yule.

Mama Firmini akaja nyumbani kwangu mchana na watoto wake watatu: Firmini, Esperansi, na mdogo wao Dezire, ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni. Akasema anavuka kwenda Kigoma. Nilimsihi angoje. Nilimwambia nitatafuta habari ya hakika kwanza, kwamba si busara kuingia ziwani na watoto watatu bila kujua kama kuna mtu anayewangoja upande wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Halima," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu, "hapa mi najua kitu kitatupata. Kule sijui. Basi mi nachagua kule kwenye sijui."

Nilikuwa nimesoma kitabu kizima, na sikuwahi kufikiri kwamba kutojua kunaweza kuwa kitu cha kukimbilia. Sikumbishia tena. Siku ile niliamua kwamba mama huyu na watoto wake watafika, na kwamba nitajua wamefika, hata kama itanigharimu kazi au zaidi ya kazi.

Mke wangu alimpa vitenge vyake na ushungi, akawafundisha watoto kuitikia salamu za Kiislamu. Nilimtafuta mpwa wa Mzee Feruzi, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa anakwenda na kurudi kati ya Ujiji na pwani yetu, mtu niliyemwamini. Alikubali kuwapakia Magara kama jamaa zake wanaokwenda harusini. Iliyobaki ni habari. Siku zile kulikuwa na mtu aliyewekwa nyuma ya kiti changu, kazi yake kusoma kila karatasi niliyoandika. Ujumbe wenye majina ungetuua sote. Basi nikakaa na Mama Firmini tukapatana. Akifika, yule mpwa wa Mzee Feruzi atatuma neno moja na jina lake chini, kama wauza mbuzi wanavyotuma kila siku. Wakimkuta Anselme yu hai, neno litakuwa WATANO: yeye, mumewe na watoto watatu. Wasipomkuta, WANNE. Alilirudia mara mbili mbele yangu bila kukosea. Nakiri kwamba katika hofu yote ile nilijivunia. Swali moja, majibu mawili, neno moja. Nilitamani Anselme awepo anione.

Waliondoka. Siku tatu, nne, wiki. Nilikuwa nafika kazini kabla ya wote na kukaa na vyombo masikioni mpaka masikio yakauma. Neno lilifika asubuhi, likipitia Bujumbura, siku ambayo anga lilikuwa safi na hakukuwa na kelele hata kidogo. WANNE. Nilimwomba mwenzangu wa Bujumbura arudie. Akarudia, herufi kwa herufi, mkono wake umetulia. WANNE. Mtu wa nyuma yangu akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni mbuzi. Kisha nikaomba ruhusa ya kwenda haja, nikasimama nyuma ya posta nikalia.

Anselme alikuwa na mama yake, mjane, Bugarama, kule juu milimani. Niliona ni haki yake aisikie kwa mtu aliyempenda mwanawe, asije akaipata kwa uvumi. Nilingoja barabara ipitike, nikapanda kwa miguu na chumvi na samaki wa kukauka. Nilimkuta anachambua maharage. Alinikaribisha kwa amahoro, salamu yao ya amani, akanipa kigoda, nami nikamwambia kwa Kirundi changu cha mjini kwamba mwanawe hayupo tena.

Hakulia. Aliniuliza kama nilimwona. Nikasema sikumwona. Akauliza ni nani aliyemwona. Nikasema hakuna, imesema simu ya maandishi. Akaacha maharage, akaniuliza simu ilisema nini hasa, neno kwa neno. Nikamwambia: ilisema wanne.

"Ni bande?" akauliza. Ni akina nani?

Nikamweleza. Mkaza mwana wako na watoto watatu, hao ni wanne. Akauliza tena vile vile, ni akina nani. Nikamweleza tena, sasa kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, nikimwonyesha vidole. Yule mama akavitazama vidole vyangu, kisha akanitazama usoni. Alisema wanne amewasikia. Lakini kwamba mwanawe hayumo katika hao wanne, hilo halikutoka Kigoma, hilo limetoka kwangu. Akarudi kuchambua maharage yake. Nilishuka mlimani nikimhurumia, na nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba uchungu umemvuruga akili yule mama.

Mimi niliomboleza. Niliomba shehe asome dua, ingawa Anselme alikuwa Mkristo, naye shehe hakuuliza. Kitabu nilikifunga kwenye gunia nikakipandisha darini. Jumapili niliendelea kufungua chumba cha mashine na kukaa peke yangu saa moja au mbili, kisha nafunga narudi nyumbani. Nilifanya hivyo miaka minne, na yule mpwa wa Mzee Feruzi hakuvuka tena kuja kwetu nikamwuliza.

Mwaka wa nne mchuuzi mmoja akaniletea barua kutoka Tanzania. Mwandiko niliutambua kabla sijaipokea, ule wa ubaoni, herufi zilizosimama wima. Niliifungua pale pale. Anselme alianza kwa salamu, kama mtu wa Rumonge. Alisema yeye hajambo. Mama Firmini ananisalimu sana. Firmini ananisalimu, amekuwa mrefu. Esperansi ananisalimu. Nikangoja salamu ya tatu ya mtoto, nikageuza ukurasa, haikuwepo.

Dezire alishikwa na homa kwenye mashua. Walimzika siku ile ile waliyofika, na kesho yake ndipo Mama Firmini alipomkuta mumewe kambini. Alikwenda kwa yule mpwa wa Mzee Feruzi kutuma neno kama tulivyoagana. Walikuwa wanne, akatuma wanne. Alidhani nitafurahi. "Hakujua aseme vipi jingine," Anselme aliandika, "ulikuwa umempa maneno mawili tu." Walishangaa sikujibu, wakafikiri labda nami nimekufa, na mpaka walipompata mchuuzi huyu hawakuwa na mtu wa kumwamini na barua. Mwishoni aliniomba nipande Bugarama nimwambie mama yake kwamba yu hai.

Vijana, neno lile lilifika zima. Hakuna herufi iliyopotea, hakuna radi, mgongaji hakukosea, na Mama Firmini alisema kweli tupu. Aliyekosea ni mimi, mara mbili. Kwanza niliyahesabu majibu yanayowezekana nikaona ni mawili, kwa sababu jibu la tatu sikutaka kulifikiri: mashua ina watoto, na watoto hufa. Halafu neno lilipofika sikulikabidhi kama lilivyo. Nilijaza mwenyewe kilichokosekana, nikakipeleka mlimani kama habari. Mgonga telegramu anakabidhi kilichofika. Anachokielewa abaki nacho. Tangu barua ile, kila aliyekuja dirishani kwangu na neno moja nilimrudisha. Nilimwuliza: nani? Andika nani. Wakubwa waliniita mara mbili kunionya kwamba nachelewesha kazi, nikawaambia wazi kwamba wanifukuze, lakini nikiwa kwenye kiti kile hakitoki kitu kisicho na jina. Hawakunifukuza, na sikubadilika mpaka nilipostaafu.

Nilipanda Bugarama siku ile ile ya barua. Mama yake Anselme alikuwa amefariki msimu wa mvua uliopita. Jirani yake alinionyesha kaburi, akaniambia jinsi watu walivyomshauri amlilie mwanawe apate kutulia, na jinsi alivyowafukuza, mmoja mmoja, mpaka wakaacha kuja na maneno hayo.

Nilimwandikia Anselme kurasa saba. Nilianza na Dezire, nikamtaja kwa jina, nikawapa pole yeye Anselme, Mama Firmini na ndugu wawili wa mtoto, kila mmoja kwa jina lake. Nilimweleza neno lililofika na lile nililoliongeza. Nilimweleza maharage, kigoda na vidole vyangu, sikuficha kitu. Kisha nikaandika kwamba mama yake amefariki, na kwamba kila alipoulizwa kwa nini hamlilii mtoto wake alijibu kwamba hajaambiwa amekufa. "Mama yako hakukuomboleza hata siku moja," nikaandika. "Niliyekuomboleza miaka minne ni mimi, niliyesoma kitabu."